Kununua Trekta la Kale la Bustani la Kufufua: Lipi Lianze, Lipi Lisubiri

Mtu anayetafuta trekta lake la kwanza la kale la bustani huanza kuuliza habari za injini: inawaka au haiwaki, inatoa moshi au haitoi. Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti. Katika matrekta yaliyotengenezwa Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo ndiyo wapenzi wengi wa kazi hii huyatafuta, injini ni sehemu inayorekebishika kwa urahisi kuliko nyingine nyingi. Kinachomkatisha mtu tamaa ni giaboksi iliyopasuka kwa ndani, boneti iliyopotea, au pampu ya haidroliki ambayo spea zake haziuzwi tena. Kwa sababu hiyo nimeyapanga matrekta haya kwa kuangalia namna nguvu inavyofika kwenye magurudumu, upatikanaji wa spea, na uwezekano wa mtu mmoja kulifungua na kulifunga trekta akiwa na zana za kawaida. Ukubwa wa injini na umaarufu wa jina nimeviweka nyuma ya hayo yote.

Ninaposema trekta la bustani simaanishi mashine nyepesi ya kukatia nyasi yenye kiti. Trekta la bustani lina fremu nzito, ekseli ya mbele yenye uzito wa kutosha, magurudumu ya nyuma makubwa, na sehemu za kufungia plau, koleo la kusukumia udongo au deki ya kukatia nyasi. Mashine hizi zilijengwa ili zifunguliwe na zirekebishwe, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya kazi ya kuzifufua iwe ya kufurahisha hata leo.

Injini utakayokutana nayo karibu kila mahali

Wheel Horse, Cub Cadet na John Deere, pamoja na kwamba zilikuwa zikishindana sokoni, zilitumia sana injini za aina moja: Kohler za mfululizo wa K. Hizi ni injini za silinda moja, bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na valvu zake zimekaa pembeni mwa silinda badala ya kukaa juu yake. K181 ina nguvu za farasi 8, K241 ina 10, K301 ina 12, K321 ina 14 na K341 ina 16. Ukishaijua moja, umezijua karibu zote, na spea zake bado zinatengenezwa na viwanda mbalimbali. Silinda iliyochakaa inaweza kukerezwa na kuwekewa pistoni iliyozidi kipimo cha kawaida kwa inchi 0.010, 0.020 au 0.030, kwa hiyo hata injini iliyokwama kwa kutu mara nyingi ina maisha mbele yake.

Kuna mambo matatu ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kuhusu injini hizi kabla ya kwenda kulikagua trekta. La kwanza ni kwamba kipimo cha kawaida cha kompresheni kinadanganya. Kwenye kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, ya nyingi kati ya injini hizi kuna kifaa kidogo kinachoinua valvu ya eksozi kidogo wakati injini inazungushwa polepole, ili stata isielemewe, na kwa sababu hiyo geji itaonyesha namba ndogo hata kama injini ni nzima. Kipimo cha kuaminika ni kuiweka pistoni juu kabisa katika mpigo ambao valvu zote mbili zimefungwa, kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, kisha kusikiliza inakotokea. Ikivuma kwenye kabureta, valvu ya kuingizia haifungi vizuri. Ikivuma kwenye eksozi, tatizo ni valvu ya kutolea. Ikivuma kwenye tundu la kujazia oili, ringi au silinda imekwisha.

La pili ni konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na krenki. Katika injini hizi konrodi ni ya alumini na hukaa moja kwa moja kwenye shingo ya krenki bila beringi ya katikati, na oili huipata kwa kurushiwa na kijiko kilichoko chini ya konrodi yenyewe. Injini iliyowahi kuendeshwa ikiwa na oili pungufu, au kwa muda mrefu kwenye mteremko mkali, itakuwa imeumia hapo kwanza. Shika flaiwili kwa mkono, izungushe kidogo mbele na nyuma pistoni ikiwa katikati ya safari yake, na usikilize. Mgongano unaosikika kabla pistoni haijaanza kusogea ni dalili kwamba krenki itahitaji kusagwa, jambo ambalo linawezekana lakini liingie kwenye hesabu yako kabla hujakubaliana bei.

La tatu ni gia mbili za kusawazisha mtikisiko zilizowekwa ndani ya injini nyingi za K241 hadi K341. Zikichakaa huweza kuvunjika na kutoboa bloku, na bloku iliyotobolewa ndiyo uharibifu wa Kohler ambao haufai kubembelezwa. Mafundi wengi wanaofanya oveholi huzitoa kabisa, na mimi naunga mkono uamuzi huo. Kwa hiyo kagua pande za bloku kwa tochi, hasa chini karibu na tangi la oili, ukitafuta nyufa, viraka vya kulehemu au gundi ya chuma.

Nafasi ya kwanza: Wheel Horse za mfululizo wa C zenye gia nane

Kampuni iliyokuja kuitwa Wheel Horse ilianzishwa na Elmer Pond mwaka 1946, ikaendelezwa na mwanawe Cecil huko South Bend, Indiana, hadi ilipouzwa kwa kampuni ya American Motors mwaka 1974, na mwaka 1986 ikaja kununuliwa na kampuni ya Toro. Kwa anayeanza, napendekeza modeli za miaka ya 1970 kama C-100, C-120 na C-160 zenye giaboksi ya mkono. Giaboksi na difu vimo ndani ya nyumba moja ya chuma cha kusubu, kuna mwendo sita wa mbele na miwili ya kurudi nyuma, na nguvu hutoka kwenye injini kwa mkanda mmoja tu. Ukikanyaga klachi hakuna diski inayoachana na nyingine. Mkanda unalegezwa, basi. Mtu ambaye hajawahi kufungua chombo chochote chenye gia anaweza kuielewa mashine hii kwa kuitazama tu kwa utulivu, na hilo ndilo lililonifanya niiweke juu ya zile zilizo imara kuliko yenyewe.

Udhaifu wake unajulikana na unakaguliwa kwa urahisi. Mpira unaofunika mahali mtaimbo wa gia unapoingia hupasuka kwa uzee, na trekta likikaa nje maji ya mvua hupenya hadi kwenye giaboksi. Mwombe mwenye trekta akuruhusu kulegeza boliti ya kumwagia oili iliyoko chini, na uangalie matone ya kwanza: maji huwa yametulia chini na hutangulia kutoka. Oili yenye rangi ya maziwa pekee si sababu ya kukataa, kwani mara nyingi beringi na sili mpya pamoja na usafishaji wa kina vinatosha, lakini oili iliyochanganyika na vipande vya chuma ni jambo jingine kabisa. Kisha shika gurudumu la nyuma, trekta likiwa kwenye gia, na ulitikise mbele na nyuma. Habu za Wheel Horse hushikwa kwenye ekseli kwa ufunguo mdogo wa chuma na skrubu, na zikiendeshwa zikiwa legevu hula njia ya ufunguo hadi ekseli yenyewe ikaharibika. Mwisho, zungusha usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gia za usukani za trekta hili huchakaa mapema, na ingawa spea zake zipo, usukani unaocheza sana ni hoja halali ya kupunguziwa bei.

Nafasi ya pili: Cub Cadet zilizotengenezwa na International Harvester

Kwa uimara pekee, hizi zingekuwa za kwanza. International Harvester ilizitoa kuanzia mwaka 1961 kutoka kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, na ikaendelea nazo hadi 1981 ilipoiuza biashara hiyo kwa kampuni ya MTD. Giaboksi ya nyuma inafuata muundo wa trekta la shamba la Farmall Cub, jambo ambalo linaonekana ukiiweka chini na kujaribu kuinyanyua. Modeli ya kwanza kabisa ilikuwa na mkanda kati ya injini na shafti, lakini kuanzia modeli 70 na 100 za mwaka 1963 mkanda huo uliondolewa, na nguvu ikawa inapita moja kwa moja kwenye shafti yenye klachi kavu ya diski. Hakuna mkanda wa kuteleza wala wa kukatika unapolima.

Nimeziweka za pili kwa sababu klachi hiyo inadai uelewa zaidi. Ina springi nzito, beringi ya kusukumia, na pini za kuunganisha shafti ambazo zikilegea hutanua matundu yake, na kuzipanga upya bila kuzitazama kwenye mchoro wa spea ni kujitafutia usumbufu. Washa injini, kanyaga klachi, ingiza gia. Gia zikisaga, au kukiwa na mlio unaobadilika kila unapokanyaga na kuachia, ujue shafti yote itashuka. Kagua pia boksi la usukani na pini inayoibeba ekseli ya mbele, kwa sababu vyote viwili husahauliwa wakati wa kupigwa grisi.

Chaguo langu ndani ya jina hili ni zile za miaka ya 1960 zenye gia, kama 70, 100, 102 na 122. Modeli ya 123 ndiyo iliyoleta kwenye Cub Cadet mfumo wa haidrostatiki, ambao mwendo hubadilishwa kwa pampu na mota ya oili badala ya kubadilisha gia, na ni mashine nzuri, ila hakikisha imekuwa ikitumia oili sahihi inayopendekezwa na mtengenezaji na si oili yoyote iliyokuwa karibu. Zile za miaka ya 1970 zilizofunikwa pande zote ili kupunguza kelele, kama 1000, 1200 na 1450, injini zake zimekaa juu ya mipira. Mipira hiyo ikiisha, injini hucheza na kuiumiza shafti iliyo nyuma yake. Shika injini kwa mikono miwili ikiwa imezimwa na uisukume. Ikiyumba kama jino bovu, mipira na huenda viunganishi vya shafti vyote vinakusubiri.

Nafasi ya tatu: John Deere 110 na 112

John Deere iliingia kwenye soko hili mwaka 1963 na modeli ya 110 kutoka Horicon, Wisconsin, yenye Kohler ya nguvu za farasi 7, ambayo muda mfupi baadaye ikaongezwa hadi 8. Ya 112 ilifuata ikiwa na nguvu za farasi 10. Kinachoitofautisha 110 ni mfumo wa puli zinazobadilisha upana wake, ambao humwezesha dereva kubadilisha mwendo kwa mtaimbo bila kugusa gia. Ukiwa umepangwa sawasawa ni raha kuuendesha, lakini una mikanda miwili, mikono ya kuvutia na busha ambazo zote lazima ziwe nzima kwa wakati mmoja, na mtu anayeanza hupoteza muda mwingi akirekebisha sehemu moja kumbe iliyochakaa ni nyingine.

Sababu nyingine ya kuishusha hadi nafasi ya tatu ni umaarufu wake. Rangi ya kijani na njano inauza, na wauzaji wanalijua hilo, kwa hiyo utakutana na matrekta mengi yaliyopigwa rangi mpya juu ya kutu, grisi na nyufa. Mimi ningechukua 110 yenye rangi iliyopauka lakini iliyo kamili kabla ya ile inayong'aa. Angalia chini ya kiti, ndani ya madigadi na nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mtu mwenye haraka hapulizi rangi. Tahadhari hii inahitajika maradufu kwa matrekta ya mwaka 1969 na 1970 yaliyouzwa yakiwa na boneti na viti vya rangi nyekundu, njano, chungwa au buluu juu ya mwili mweupe. Yanatafutwa sana na wakusanyaji, na kupaka boneti rangi nyingine ni kazi ya siku moja. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana, kwa idhini ya mwenyewe, uone kama kuna kijani chini yake. Vilevile thibitisha kwamba 112 unayoiona ina Kohler, kwani baadhi zilitoka kiwandani na injini za Tecumseh, ambazo spea zake ni ngumu zaidi kupata.

Modeli ya 140, iliyoanza 1968, ni ya haidrostatiki na ina haidroliki ya kuinulia vifaa. Ni trekta la kulipenda, lakini liwe la pili kwenye banda lako. Mfumo wa haidrostatiki wowote, wa jina lolote, haupimwi ukiwa baridi. Uendeshe kwa muda wa kutosha hadi oili ipate joto, kisha uupandishe mlima. Pampu iliyochoka huonekana hapo, si pale trekta linapotoka bandani.

Nafasi ya nne: Simplicity na Allis-Chalmers

Haya mawili yanakwenda pamoja kwa sababu Simplicity ya Port Washington, Wisconsin, ndiyo iliyoitengenezea Allis-Chalmers trekta la B-1 mwaka 1961, na mwaka 1965 Allis-Chalmers ikainunua Simplicity yenyewe. Injini zake nyingi ni Briggs & Stratton za chuma cha kusubu, tulivu na za kudumu. Deki zake za kukatia nyasi, zinazotembea juu ya rola badala ya kuning'inia tu, hukata vizuri kuliko karibu zote za wakati wake. Kinachotia wasiwasi ni boksi dogo la gia linalogeuza mwelekeo wa nguvu katikati ya trekta. Sili zake zikivuja na mwenye trekta asiongeze oili, gia hizo husagika, na kuzipata nyingine si rahisi. Kabla ya kulipa fungua kizibo chake na uangalie kama ndani kuna oili. Jibu la swali hilo moja ndilo linaloamua ununuzi wote.

Nafasi ya tano: Case, na nyingine za wenye uzoefu

Case iliinunua kampuni ya Colt mwaka 1964, na matrekta yaliyofuata kutoka Winneconne, Wisconsin, yana mfumo wa pekee: pampu ya gia inasukuma oili kwenye mota ya haidroliki iliyofungwa kwenye giaboksi yenye mwendo wa juu na wa chini. Hakuna klachi, na haidroliki ipo tayari kwa vifaa vingine. Nalipenda sana 444 lenye Kohler ya farasi 14. Hata hivyo linamfaa mtu aliyekwisha kuzoea mabomba yenye shinikizo kubwa na usafi ambao haidroliki inaudai.

Gravely zenye magurudumu manne za mfululizo wa 800 hazina mkanda wowote kati ya injini na magurudumu, kila kitu ni gia, na hilo huzifanya ziwe imara ajabu na pia ziwe nzito kufungua. Bolens za fremu ya bomba zinavutia kwa muundo, ila nyingi zina injini za Wisconsin ambazo spea zake zinahitaji subira. Sears Suburban, zilizotengenezwa na kampuni nyingine kwa ajili ya maduka ya Sears, ni nyingi na kwa kawaida ni nafuu. Ukiipata iliyo kamili na yenye historia nzuri, usiidharau kwa sababu ya jina.

Za kuepuka kwa mara ya kwanza

John Deere 318, iliyotengenezwa kati ya 1983 na 1992, ni mashine bora kwa kazi: ina usukani wa haidroliki, haidrostatiki na nguvu ya kutosha. Tatizo ni injini yake ya Onan ya silinda mbili. Bloku ni ya alumini, na nyasi zikijaa chini ya vifuniko vya kupozea, joto hupanda hadi viti vya valvu vikalegea. Spea za Onan ni ghali, na baadhi hazipatikani tena. Hali ni hiyohiyo kwa trekta lolote lenye Onan ya umri huo. Linunue tu ikiwa injini inafanya kazi vizuri ikiwa moto, haina mlio wa kugonga, na umeona kwa macho yako kwamba mapezi yake ya kupozea ni safi.

Trekta likishafika kwako

Kabla ya kuliwasha, mwaga petroli yote ya zamani na usafishe tangi, kwa sababu petroli iliyochanganywa na ethanoli huacha ute na kutu vinavyoziba kabureta. Vua vifuniko vya injini na usafishe mapezi, hata kama injini inaonekana safi kwa nje. Badilisha oili, kisha endelea kuibadilisha kila baada ya saa 25 za kazi, kwa kuwa Kohler ya K haina chujio la oili la kukuokoa. Pointi za moto ziwe na mwanya wa inchi 0.020, na muda wa kuwaka ulinganishwe na alama ya S iliyoko kwenye flaiwili. Valvu za K241 hadi K341 zipimwe injini ikiwa baridi: inchi 0.008 hadi 0.010 kwa ya kuingizia, na 0.017 hadi 0.019 kwa ya kutolea. Trekta likiwa na jenereta inayofanya pia kazi ya stata, na ukawa umeifungua au umebadilisha kidhibiti chake, irudishie mwelekeo wa umeme kabla ya kuwasha injini.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vitambaa vya breki, vya klachi na gasketi za enzi hizo vinaweza kuwa na asbesto. Usivipige msasa vikiwa vikavu wala usivipulize kwa kompresa. Vilowanishe, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, na uvifunge kwenye mfuko kabla ya kuvitupa. Mengi ya matrekta haya hayana swichi ya kiti inayozima injini dereva anaposhuka, kwa hiyo kama unakusudia kulitumia kukata nyasi, liwekee swichi ya namna hiyo kabla ya kuirudisha deki mahali pake.